Stelingi Hafi: Taharuki, Ushahidi na Hukumu katika Nairobi Half Life

Katika vibanda vya video nchini Kenya imekuwako kanuni moja ya uhakiki ambayo watazamaji hawakufundishwa na mwalimu wala hawakuisoma kitabuni: stelingi hafi. Neno hili, stelingi, limetoholewa kutoka lile neno la Kiingereza linalotangulia majina ya waigizaji mwanzoni mwa filamu, na maana yake imekuwa ni yule mhusika mmoja ambaye risasi humkwepa, ambaye huanguka kutoka ghorofani akainuka, na ambaye hadhira huanza kumshangilia kabla hajatamka neno. Mtu aliyelipa kiingilio katika kibanda cha mabati huko Kondele, mjini Kisumu, akaketi kwenye benchi kati ya fundi wa baiskeli na mwanafunzi aliyetoroka masomo, huijua kanuni hii kama anavyoijua barabara ya Kakamega inayopita hapo nje. Wasimuliaji wanaozitia filamu za kigeni maneno ya Kiswahili na ya Sheng, ambao kati yao DJ Afro ndiye aliyepata sifa kubwa zaidi nchini Kenya, wameijengea kanuni hiyo ufundi mzima. Humtambulisha stelingi mapema, humtania, humpa lakabu, na adui anapomkaribia humhakikishia mtazamaji kwamba huyo anajisumbua bure.

Wahakiki wa vyuo vikuu hawajaipa kanuni hii uzito unaostahili. Inapotajwa, hutajwa kwa kicheko, kama kielelezo cha ladha isiyokomaa. Hata hivyo, ndani yake mna falsafa kamili ya haki. Kusema kwamba stelingi hafi ni kusema kwamba katika ulimwengu wa filamu kuna mtu ambaye uhai wake ndio dhamana ya hukumu: akifa yeye, hapana atakayebaki wa kumfuata mwovu na kumwadhibu. Taharuki, kwa hiyo, haimo katika swali la iwapo atapona. Imo katika namna atakavyopona, na katika malipo yatakayomfikia adui baadaye. Mtazamaji wa kibanda hatafuti kujua mwisho; anautarajia mwisho kama mdai anavyoitarajia siku ya kulipwa deni lake.

Makala haya yanakusudia kuihoji kanuni hiyo kwa upande wa maadili. Swali lenyewe ni hili: mtunzi wa filamu ana haki gani ya kumwokoa stelingi, na kumlipa mtazamaji kwa hukumu, pale ambapo watazamaji wenyewe wameona kwa macho yao risasi zisizokwepeka na mauaji yasiyopata hukumu? Filamu itakayotumiwa ni Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David Gitonga na kutolewa mwaka 2012. Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza ambayo Kenya iliiwasilisha katika mashindano ya Oscar kwa kundi la filamu za lugha zisizo za Kiingereza, na Joseph Wairimu aliyeigiza mhusika mkuu alipata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huohuo. Kisa chake ni cha Nairobi. Lakini maana yake yaweza kuonekana vizuri zaidi kutoka Kondele, kwa sababu ambazo zitaelezwa.

Mkataba wa taharuki

Fasihi ya Kiswahili iliuzoea mkataba wa aina hii mapema. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, mtu anakutwa amekufa, watu wanashuku mizimu, na Bwana Msa anakuja na kiko chake akiuliza maswali yanayoonekana hayana kichwa wala miguu. Mwishoni anawakusanyia wasikilizaji wake mambo yote na kuyapanga, na aliyeua anajulikana. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, iliendeleza desturi hiyo bara. Kisha wakaja Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ambao walizidisha bastola na safari za ndege, wakapunguza maswali. Tofauti kati ya Bwana Msa na hawa waliomfuata ni kubwa, na wahakiki wameieleza mara nyingi. Jambo wanaloshiriki ni kwamba wote humlipa msomaji. Aliyevumilia kurasa zote hizo za giza hupewa nuru mwishoni.

Tzvetan Todorov, katika insha yake ya mwaka 1966 kuhusu aina za riwaya ya upelelezi, alionyesha kwamba kisa cha namna hii huwa ni visa viwili: kisa cha kosa, ambacho kimekwisha kutendeka, na kisa cha uchunguzi, ambacho ndicho kinachosimuliwa. Katika riwaya ya taharuki visa hivyo viwili huungana. Hatari haiko tena nyuma bali iko mbele, na mpelelezi mwenyewe aweza kuuawa. Alfred Hitchcock alilieleza jambo lilelile kwa mfano wake maarufu wa bomu lililofichwa chini ya meza. Likilipuka ghafla, hadhira hushtuka kwa nukta chache. Hadhira ikiambiwa mapema kwamba bomu lipo, ilhali walioketi mezani wanazungumza mambo ya kawaida, hofu huweza kudumu robo saa nzima. Maelezo haya hunukuliwa na kila mwanafunzi wa filamu, lakini upande wake wa maadili haujaliwi. Anayeambiwa kwamba bomu lipo amefanywa shahidi. Amepewa ujuzi asioweza kuutumia. Hawezi kupiga kelele wakamsikia. Filamu inamtwika mzigo huo kwa ahadi kwamba itamtua kabla taa hazijawashwa.

Kuhusu filamu za majambazi ahadi hiyo iliwahi hata kuandikwa kama sheria. Kanuni za maadili ambazo kampuni za filamu za Marekani zilijiwekea mwaka 1930, na kuanza kutekelezwa kwa ukali mwaka 1934, hazikuruhusu uhalifu uonyeshwe ukimfaidi mtu. Jambazi angeweza kupendeza kwa saa moja na nusu, mradi afe mwishoni. Robert Warshow, katika insha yake ya mwaka 1948, aliona kwamba kifo hicho hakikuwa hila ya kuwaridhisha wakaguzi peke yake; kilikuwa kiini cha utanzu. Jambazi hufa kwa sababu kupanda kwake juu ya wengine ndiko kosa lenyewe, na mtazamaji aliyepanda naye kwa ndoto hupata nafasi ya kushuka salama na kwenda nyumbani. Hapa kanuni mbili zinagongana. Stelingi hafi, jambazi lazima afe. Yawaje, basi, stelingi akiwa ndiye jambazi?

Hilo ndilo tatizo ambalo Nairobi Half Life imejitwika. Kabla ya kuitazama inavyolitatua, ni lazima kwanza ielezwe ni mtazamaji wa namna gani anayeitazama.

Kondele, Januari 2008

Tarehe 16 Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mpiga picha wa kituo cha televisheni cha KTN alinasa tukio fupi katika mtaa wa Kondele. Katika picha hizo askari mwenye bunduki anawakimbiza vijana wasio na silaha. Kijana mmoja anaanguka. Askari anarejea pale alipoanguka na kumpiga teke. Watu wawili walipoteza maisha katika kisa hicho. Picha zilionyeshwa nchini kote, kisha zikaonyeshwa duniani, na kwa siku kadhaa hapakuwa na sebule wala baa nchini Kenya ambamo hazikujadiliwa.

Akichukuliwa mtu asiyejua chochote kuhusu Kenya akaonyeshwa picha hizo, angezipokea kama kipande cha filamu ya taharuki. Pana mbio, pana kona ya barabara, pana mwenye nguvu na asiye na nguvu, pana kamera inayotikisika kwa woga wa aliyeishika. Zaidi ya yote pana kile ambacho Bwana Msa angetumia kurasa mia mbili kukitafuta: tendo lenyewe, limeonekana. Kisa cha kosa na kisa cha uchunguzi vimeungana kwa namna ambayo Todorov hakuifikiria, kwa kuwa hapana kilichofichika cha kuchunguza. Hadhira ilikwisha kuona.

Askari mmoja alishtakiwa kwa mauaji. Mwezi Juni 2010 Mahakama Kuu ilimwachilia, kwa sababu nambari ya bunduki iliyofanyiwa uchunguzi haikulingana na nambari ya bunduki aliyoandikiwa kwamba alikabidhiwa siku ile. Kwa upande wa sheria hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mahakama haihukumu kwa jicho. Huhukumu kwa mnyororo wa ushahidi, na pete moja ya mnyororo ikikatika, mshtakiwa ana haki ya kwenda zake. Makala haya hayana nia ya kurudia kesi hiyo wala kumtia hatiani mtu ambaye mahakama ilimwachilia. Linalohusu uhakiki ni jambo jingine: siku ile mamia ya maelfu ya watazamaji walijifunza kwamba kuona ni kitu kimoja na kuthibitisha ni kitu kingine, na kwamba kati ya viwili hivyo mna pengo ambalo nambari ya bunduki yaweza kutumbukia.

Si mara ya kwanza kwa watu wa Kisumu kufundishwa somo hilo. Tarehe 25 Oktoba 1969, siku Rais Jomo Kenyatta alipofungua hospitali kuu iliyojengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti, hospitali ambayo wakazi wameendelea kuiita Russia na ambayo iko hatua chache kutoka Kondele, walinzi walifyatulia risasi umati na watu wakafa mchana kweupe. Mwezi Februari 1990 Dakta Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru, na siku chache baadaye mwili wake ukapatikana umeungua chini ya kilima cha Got Alila. Hapo kaida zote za utanzu zilitimizwa kana kwamba mtu alikuwa amezisoma. Waziri, nyumba ya shambani, usiku, kilima, na mpelelezi aliyeletwa kutoka Scotland Yard, John Troon, ambaye kwa kazi yake angeweza kuwa ndugu wa Sherlock Holmes. Tume iliyoongozwa na Jaji Evan Gicheru ilikaa kusikiliza mashahidi hadi ilipovunjwa mwezi Novemba 1991 kabla ya kumaliza kazi. Sura ya mwisho ya riwaya hiyo haikuandikwa.

Tume ya Jaji Philip Waki, iliyowasilisha ripoti yake mwezi Oktoba 2008, ilihesabu vifo 1,133 vilivyotokana na ghasia za uchaguzi, na kati yake 405 vilisababishwa na risasi. Katika mkoa wa Nyanza wengi wa waliokufa walipigwa risasi. Huyu ndiye mtazamaji anayelipa kiingilio kibandani. Anaposema kwamba stelingi hafi, si kwamba hajui jinsi watu wanavyokufa. Pengine anaisema kwa sababu anajua.

Kijana anayeuza filamu

Mwas, mhusika mkuu wa Nairobi Half Life, anapoonekana kwa mara ya kwanza, ni kijana wa mashambani anayeuza filamu za mapigano za Kimarekani, na ili kuwavuta wanunuzi huziigiza mwenyewe, akiruka, akifoka na kuanguka. Kwa maneno mengine, stelingi wa filamu hii ni mtu wa kibanda. Gitonga hakuliweka jambo hilo kwa ajili ya kuchekesha tu, ingawa linachekesha. Mwas anazijua kaida za utanzu kabla hajaingizwa ndani ya utanzu huo. Anaondoka kwao kwenda Nairobi akiamini kwamba maisha yana stelingi na kwamba stelingi ni yeye.

Nairobi inamvua imani hiyo kwa haraka inayostahili kusifiwa. Kwanza ametapeliwa: mwigizaji mmoja kutoka jijini amemwomba shilingi 1,000 ili amwingize katika mchezo wa kuigiza, na yeye ametoa 500 alizokuwa nazo. Siku ya kwanza jijini ananyang'anywa kila kitu, pamoja na mtambo wa redio aliopewa na binamu yake aupeleke dukani. Kisha anakamatwa na polisi yeye aliyeibiwa. Katika seli anaamrishwa kusafisha choo ambacho hakielezeki, naye anaifanya kazi hiyo ya fedheha kuwa uigizaji, wafungwa wakiwa hadhira yake. Tukio hili ndilo bora kuliko yote katika sehemu ya kwanza ya filamu. Stelingi wa Kimarekani angevunja pingu. Stelingi huyu anapona kwa kuchekesha watu wenye nguvu kumshinda. Hapo ndipo anapokutana na Oti, anayeigizwa na Olwenya Maina kwa utulivu wa kutisha, na kwa njia ya Oti anaingia katika genge la wezi wa vipuri vya magari. Baadaye genge linapanda ngazi na kuanza kupora magari mazima, kwa ushawishi wa Mwas mwenyewe. Wakati huohuo amepata nafasi katika mchezo wa kundi la Phoenix, akawa na maisha mawili: mchana jukwaani, usiku barabarani.

Mpaka hapo filamu inafuata njia iliyokanyagwa. Kupanda kwa jambazi, mpango wa mwisho unaokwenda kombo, mwanamke anayependwa na marafiki wawili, askari wanaodai fungu lao: kila kimoja kati ya hivi kimekwisha kuonekana, na msomaji wa My Life in Crime, kitabu cha John Kiriamiti cha mwaka 1984, hatakosa kuyatambua mazingira. Haina haja kukaa sana juu ya uhusiano wa Mwas na Amina, ambao filamu yenyewe haiufikishi mbali. Filamu inaibomoa kaida katika namna jambazi anavyoadhibiwa.

Kwa Warshow, na kwa wakaguzi wa Marekani wa miaka ya 1930, mkono unaomwua jambazi ni mkono wa haki, hata ukiwa na damu. Katika Nairobi Half Life wanaoliangamiza genge ni polisi ambao walikuwa wakishirikiana na wahalifu, na wanafanya hivyo bila shtaka, bila hakimu, katika jengo la pembeni. Vijana wanauawa kwa sababu wamekuwa mzigo kwa washirika wao waliovaa sare. Kwa hesabu ya utanzu, deni limelipwa: wezi wamekufa. Kwa hesabu ya maadili, aliyelilipa ni mwizi mwingine. Mtazamaji aliyekuwa akingojea hukumu anapewa mauaji yaliyovishwa umbo la hukumu, na anaachwa aamue mwenyewe kama tofauti ipo. Ni vyema kukumbuka kwamba mwezi Februari 2009 Philip Alston, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kiholela, aliizuru Kenya na kueleza wazi kwamba polisi wa nchi hiyo walikuwa wakiua watu nje ya sheria na kwamba hawakuwa wakiwajibishwa. Gitonga hakubuni kitu. Alichofanya ni kulitumia tukio la mwisho la utanzu, lile pambano ambalo watazamaji huinuka vitini kulishangilia, kuonyesha jambo ambalo hapana mwenye akili timamu angeweza kulishangilia.

Uokovu wa Mwas

Oti anakufa. Mwas anaponyoka, akiwa ameumizwa, na anafika kwenye ukumbi wa maonyesho ambako mchezo unamngojea. Anapanda jukwaani. Stelingi hafi.

Hapa ndipo swali la maadili linapokuwa gumu, na ndipo wahakiki wanapoweza kutofautiana kwa haki. Lipo dai kwamba mwisho huu ni woga. Filamu iliyokuwa na ujasiri wa kuonyesha kwamba polisi wanaua ovyo imekosa ujasiri wa kumwua yule ambaye hadhira ilimpenda. Mwas si mtoto asiye na hatia. Amewanyang'anya watu magari yao kwa vitisho vya silaha; ni yeye aliyewashawishi wenzake wapande ngazi iliyowapeleka kwenye kifo. Ikiwa Oti amekufa kwa makosa waliyoyatenda pamoja, Mwas amepona kwa stahili gani, kama si stahili ya kuwa jina lake linatangulia orodhani? Dai hili lina nguvu. Mama ambaye mwanawe alipigwa risasi katika barabara ya Kondele bila ya kuwa ameiba hata msumari ana haki ya kuuliza kwa nini filamu inampa mwizi mlango wa nyuma.

Lakini dai hilo linadhani kwamba kupona ni malipo. Katika filamu za kibanda, naam, kupona ni malipo: stelingi anayeishi huondoka na msichana, au na mali, au angalau na jua la machweo. Mwas haondoki na chochote. Anachobaki nacho ni kwamba aliona. Jukwaani anatamka maneno ya mchezo ambayo, kwa bahati iliyopangwa na mtunzi, yanahusu uchaguzi wa binadamu wa kutazama au kugeuza uso pembeni. Mbele yake imeketi hadhira iliyokuja kustarehe. Hadhira ile inamwona mwigizaji hodari mwenye hisia za kweli. Haijui kwamba hisia hizo zimetoka wapi, wala kwamba majeraha si rangi. Mtazamaji wa filamu, yeye, anajua.

Hivyo bomu la Hitchcock limehamishwa. Limekuwa chini ya viti vya ukumbi wa maonyesho, na mtazamaji wa filamu ni shahidi wa jambo ambalo walioketi hawalijui. Filamu inakwisha bila ya bomu hilo kulipuka na bila ya mtu kulitoa. Mkataba wa taharuki, ambao ulimwahidi shahidi kwamba atatuliwa mzigo wake, umevunjwa katika nukta ya mwisho kabisa, na umevunjwa kwa kutumia ile kanuni ambayo ilionekana kutimizwa. Stelingi amepona ili awepo mtu wa kubeba ujuzi. Alichopona nacho ni ushuhuda, na ushuhuda huo hauna mahakama ya kupelekwa. Ameupeleka jukwaani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine.

Katika hali hiyo yuko karibu na yule mpiga picha wa Kondele kuliko alivyo karibu na Willy Gamba. Wote wawili walikuwapo, wote walirudi hai, na wote walikuwa na kitu cha kuonyesha. Cha mpiga picha kilionyeshwa kama ukweli, kikashindwa kuwa hukumu. Cha Mwas kinaonyeshwa kama uigizaji, na hakiwezi hata kushukiwa kuwa ukweli. Ni vigumu kuamua ni hali ipi kati ya hizo mbili iliyo chungu zaidi, na filamu, kwa busara, haiamui.

Linganisha na Something Necessary, filamu ya Judy Kibinge ya mwaka 2013, ambayo ilitokana na mpango uleule wa mafunzo uliozaa Nairobi Half Life. Humo mwanamke muuguzi aliyempoteza mumewe katika ghasia za 2008 anajaribu kuijenga upya nyumba yake, na kijana mmoja aliyekuwa katika kundi la washambulizi anatafuta njia ya kutua dhamiri yake. Kibinge aliziacha kaida za taharuki karibu zote. Kosa limekwisha kutendeka, aliyetenda anajulikana kwa mtazamaji, na kinachobaki ni matofali, deni na ukimya. Ni filamu ya kweli zaidi kuhusu 2008, na pengine kwa sababu hiyo haikuwa rahisi kuijaza katika vibanda. Nairobi Half Life ilichagua kuingia kibandani kwa mlango wa kibanda, ikiwa imevaa nguo za utanzu, na kumfikia mtazamaji ambaye asingekuja kutazama matofali. Kila njia ina gharama yake. Gharama ya njia ya Gitonga haiko katika kumwokoa Mwas, kama wanavyodai wanaoulaumu mwisho. Iko mahali pengine, na haijazungumzwa vya kutosha.

Filamu haimziki Oti. Risasi zikikwisha kulia, kamera inaondoka na aliye hai. Hayo ni mazoea ya utanzu mzima, kuanzia Chicago ya mwaka 1931 hadi kwenye kanda za DJ Afro: maiti wa filamu ya taharuki hulala pale alipoangukia, na hapana anayeulizwa nani atamchukua. Gitonga aliyevunja kaida ya hukumu hakuigusa kaida hii. Mwezi Januari 2008 miili ya waliopigwa risasi mjini Kisumu ilipelekwa katika chumba cha maiti cha hospitali ya Russia, na jamaa zao walikwenda huko kuitafuta mmoja mmoja, wakifunua nyuso. Kutoka Kondele ni mwendo wa miguu. Mtazamaji wa kibanda anapotoka nje baada ya Mwas kumaliza maneno yake jukwaani, hospitali hiyo iko palepale, na katika kisa alichokitazama hapana mtu hata mmoja aliyekwenda kumtambua Oti.